Tokeni za Wafanyabiashara za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani: Mwongozo Kamili wa Kutambua, Kununua na Kutunza

Swali linalonifikia kuliko mengine yote ni hili: "Nina tokeni ya 1863, ya shaba, ina kichwa mbele. Ni ipi?" Namwomba mwenyewe picha ya upande wa nyuma, hana. Namuuliza uzito, hakupima. Namuuliza kama ni shaba nyekundu au shaba ya njano, ananijibu kwamba ni ya kahawia. Kwa taarifa hizo hakuna mtu awezaye kumsaidia, na mara nyingi pesa imeshamtoka.

Kosa ni lile lile kila mara: mtu hununua kwanza, kisha ndipo aanze kutambua. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Unahusu tokeni ndogo, yaani vipande vya metali vilivyotumika badala ya sarafu, za ukubwa wa senti, zilizotolewa na wenye maduka, baa, viwanda vya mikate na famasia wa Marekani, hasa kati ya 1862 na 1864, chenji ilipotoweka mitaani kwa sababu kila mtu alificha sarafu alizokuwa nazo. Fuata hatua kwa zamu. Ukiruka ya tatu, ya nne haitakamilika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujanunua hata tokeni moja

- Lenzi ya kukuzia mara 10. Ya mara 5 haitoshi kusoma herufi ndogo, na ya mara 20 inakuonyesha sehemu ndogo mno kwa wakati mmoja.
- Mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu (0.01).
- Kalipa ya kupimia kipenyo. Ya plastiki ni bora kuliko ya chuma, maana haikwaruzi.
- Sumaku ndogo yenye nguvu.
- Glasi ndogo, maji yaliyotoneshwa na uzi mwembamba wa nailoni, kwa kipimo cha metali.
- Taa moja ya mezani inayoinamishwa, na kitambaa laini cha kutandika mezani ili tokeni ikianguka isipigwe.
- Vifuko vya plastiki ya Mylar, au kadi za mraba zenye dirisha la plastiki hiyo.
- Daftari, la karatasi au la kompyuta.
- Orodha ya aina zinazojulikana, iliyopangwa kwa nambari za Fuld, mfumo wa kuziorodhesha tokeni hizi tutakaoueleza katika hatua ya 4. Bila hiyo utaona kila kitu na usijue kinaitwaje.

Asetoni safi si ya siku ya kwanza. Tutaifikia.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni tokeni ya vita

Pima kipenyo. Tokeni nyingi sana za vita hivi zina milimita 18 hadi 19, kwa sababu zilitengenezwa zipite mkononi badala ya senti ya serikali, ambayo tangu 1857 ilikuwa ndogo, ya milimita 19. Mwenye duka alitaka mteja aipokee bila kuiangalia mara mbili.

Kipimo hicho kimoja kinakuokoa na makosa mengi. Ukikuta tokeni ya shaba ya milimita 28 hivi, yenye tarehe ya miaka ya 1830 au mwanzoni mwa miaka ya 1840, hiyo ni ya msukosuko wa uchumi uliotangulia, ilifuata ukubwa wa senti kubwa ya zamani. Ni nzuri, ila ni mkusanyiko mwingine. Ukikuta ya shaba ya njano, pana kuliko senti, inayoahidi kinywaji au bidhaa ya senti 5, uwezekano mkubwa ni ya baa ya miaka mingi baada ya vita. Na ile yenye sura ya mgombea urais na tundu juu la kupitishia utepe ilikuwa ya kuvaa kifuani wakati wa kampeni.

Kisha tazama tarehe. 1863 ndiyo iliyoenea mno. Nyingi hazina tarehe kabisa, na kutokuwa nayo si dosari. Sababu ya kutawala kwa 1863 ni kwamba tarehe 22 Aprili 1864 Bunge la Marekani lilipiga marufuku utoaji wa tokeni binafsi za senti moja na mbili, na sheria ya tarehe 8 Juni mwaka huohuo ikaziba mianya iliyobaki. Senti mpya za bronzi zilianza kutoka 1864, na haja yenyewe ikapungua.

Ukitoka hatua hii, uwe na kitu cha milimita 18 hadi 19 chenye mada au jina linalolingana na miaka hiyo. Kama kipimo hakikubali, simama hapo. Usijaribu kukilazimisha.

## Hatua ya 2: Soma pande zote mbili, neno kwa neno

Weka tokeni chini ya taa iliyoinamishwa, mwanga uje kutoka ubavuni, na uizungushe polepole. Mwanga wa juu moja kwa moja hufuta herufi zilizochakaa. Wa ubavuni huziinua.

Andika kila neno na kila namba, ukitaja pia picha. Fanya hivyo kwa mkono, maana ukiandika unalazimika kuona. Halafu amua fungu lake.

Tokeni za kizalendo hazitaji duka lolote. Zina bendera, tai, kichwa cha mwanamke anayewakilisha Uhuru, sura ya Washington, au meli. Ile yenye manowari Monitor na maneno OUR LITTLE MONITOR ni kipenzi cha wengi, nami ni mmoja wao.

Tokeni za maduka hutaja jina la mfanyabiashara, mara nyingi na mji na kazi yake. Upande wa pili unaweza kuwa na picha ya kazi hiyo, kama kiatu, au kinu na mchi wa mfamasia. Picha hizi zilimfaa mteja asiyejua kusoma.

Tokeni za wachuuzi wa jeshi zilitolewa na wafanyabiashara walioruhusiwa kufuatana na vikosi. Hutaja kikosi, na thamani zake ni kama senti 5, 10, 25 au 50. Ni adimu na ghali. Mgeni asianzie hapa.

Tahadhari kubwa ya hatua hii ni herufi ndogo. Tokeni nyingi zina ONE CENT kwa herufi kubwa ndani ya shada la majani, na juu yake NOT iliyo ndogo kiasi kwamba jicho linaipita. Maana yake ni "si senti moja", na ilikuwa kinga ya mtoaji asije akashtakiwa kwa kughushi senti. Kama hukuiona NOT, umeandika nambari ya tokeni nyingine.

Herufi moja pia inaweza kubadilisha aina. Tokeni zenye agizo la John A. Dix, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Marekani, kwamba anayejaribu kuishusha bendera apigwe risasi papo hapo, kwa kawaida humalizia na neno SPOT. Kuna muhuri, yaani kipande cha chuma kilichochongwa cha kugongea picha na maneno kwenye tokeni, ambao mchongaji alikosea akaandika SPOOT. Wanunuzi wengi wameishika mikononi wasiione.

Soma ahadi pia. Oliver Boutwell, mwenye kinu cha unga mjini Troy, New York, aliandika kwamba tokeni yake italipwa ofisini kwake. Gustavus Lindenmueller, mwenye baa jijini New York, alitoa tokeni zinazosemekana kufikia milioni moja. Inasimuliwa kwamba kampuni ya reli ya barabarani ya Third Avenue, iliyokuwa ikizipokea kama nauli, ilipompelekea rundo lake azilipe, alikataa, na kisa hicho hutajwa miongoni mwa sababu zilizoleta sheria za 1864. Ukizishika hizi mbili pamoja, moja yenye ahadi na nyingine isiyo nayo, unaelewa pesa ni kitu gani kuliko ukisoma kurasa mia.

## Hatua ya 3: Tambua metali

Hapa ndipo wengi huanguka, na hapa ndipo nitakaa. Mihuri ileile miwili ilitumika kugonga shaba nyekundu, shaba ya njano, bati, fedha na mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kwa macho mbili zinaweza kufanana kabisa, lakini moja ni ya maelfu na nyingine zimebaki tano. Bila metali huna jibu.

Kwanza, sumaku. Hakuna metali ya kawaida ya tokeni hizi inayovutwa na sumaku. Hata mchanganyiko wa shaba na nikeli hauvutwi, maana nikeli ni kidogo. Ikivutwa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Irudishe.

Pili, rangi. Usitazame uso, uso una rangi ya ukale. Tazama ubavu, na ndani ya herufi ambako mikono haikufika. Shaba nyekundu huonyesha wekundu au kahawia ya chokoleti. Shaba ya njano huonyesha unjano wa kijani kidogo, hata kama uso wote umegeuka kahawia. Shaba na nikeli huwa na rangi iliyopauka, kama mchanga wenye waridi kwa mbali. Bati ni kijivu cha fedha kisichong'aa na halikwanguki kirahisi kama risasi.

Kwa nini tusikwangue tuone ndani? Kwa sababu mkwaruzo haupoi. Nimeona tokeni iliyobaki kwa miaka 150 bila dosari ikiharibiwa na pini ya sekunde mbili.

Tatu, uzito. Tokeni nyingi za shaba zina gramu 3 na kitu, lakini unene ulitofautiana kati ya karakana na karakana, kwa hiyo uzito peke yake hauamui. Kuna mahali pamoja unapozungumza kwa sauti: ukipata kitu kilichopauka, cha milimita 19, chenye gramu karibu na 4.67, shtuka. Huo ndio uzito wa senti ya serikali ya wakati huo, iliyokuwa na shaba asilimia 88 na nikeli asilimia 12. Baadhi ya tokeni ziligongwa juu ya senti halisi. Chukua lenzi, tafuta chini ya mchoro mabaki ya herufi au ya taji la manyoya la senti ya zamani. Ukiyaona, umeshika kitu cha pekee.

Nne, msongamano, yaani uzito wa tokeni ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule. Hiki ndicho kipimo kinachomaliza ubishi mwingi, nacho hakiumizi tokeni.

1. Pima tokeni ikiwa kavu. Andika uzito.
2. Weka glasi yenye maji yaliyotoneshwa juu ya mizani, kisha bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri.
3. Funga tokeni kwa uzi wa nailoni, uishushe majini mpaka izame yote. Isiguse chini wala pembeni.
4. Ondoa mapovu kwa kuitikisa taratibu. Povu moja linaharibu hesabu.
5. Soma mizani. Namba hiyo ndiyo uzito wa maji yaliyosukumwa.
6. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Mfano: tokeni ya gramu 3.20 inasoma 0.36 majini. Ukigawanya unapata 8.9, hiyo ni shaba. Tokeni ya gramu 2.60 inayosoma 0.36 inatoa 7.2, hiyo inaelekea bati. Gramu 4.00 kwa 0.36 ni 11.1, hiyo ni risasi. Fedha ya sarafu huangukia 10.3 hivi.

Jua mipaka ya kipimo hiki. Mizani ya sehemu ya mia haiwezi kutenganisha kwa uhakika shaba nyekundu, ya 8.9, na shaba ya njano, ya 8.4 hadi 8.7. Ikisoma 0.37 badala ya 0.36, tokeni ileile ya gramu 3.20 inageuka 8.6. Hapo rudi kwenye rangi ya ubavu, au tafuta mizani ya sehemu ya elfu. Shaba nyekundu na ile yenye nikeli hazitenganishwi kabisa kwa maji, zina msongamano karibu sawa. Hapo rangi ndiyo hakimu.

Baada ya kupima, gusagusa tokeni kwa kitambaa laini mpaka ikauke. Usisugue. Ukitoka hapa unatakiwa uweze kutaja metali na kutoa sababu mbili zisizotegemeana, kwa mfano rangi ya ubavu na msongamano. Sababu moja ni dhana tu.

## Hatua ya 4: Jenga nambari kamili

Mfumo unaotumiwa na kila mkusanyaji makini uliwekwa na Melvin Fuld na mwanawe George. Una sura mbili.

Tokeni ya kizalendo huandikwa kwa nambari ya muhuri wa mbele, mkwaju (/), nambari ya muhuri wa nyuma, kisha herufi ndogo ya metali. Tokeni ya duka huanza na herufi mbili za jimbo, ikifuatiwa na namba ya mji, herufi ya mfanyabiashara, kistari, namba ya aina, na mwisho herufi ya metali. Kwa hiyo OH165 ni Cincinnati katika Ohio, na NY630 ni jiji la New York. Ukizifahamu hizo mbili, umeshaingia kwenye miji miwili yenye tokeni nyingi kuliko karibu mingine yote.

Herufi za metali utakazokutana nazo zaidi ni a kwa shaba nyekundu, b kwa shaba ya njano, d kwa shaba na nikeli, e kwa metali nyeupe ya bati, na f kwa fedha. Sasa unaona kwa nini hatua ya 3 ilikuwa ndefu.

Linganisha mihuri kwa kutumia nafasi, usitegemee maneno tu. Chagua alama mbili kwenye tokeni yako, kama ncha ya jani na herufi iliyo karibu nayo, uone kama jani linaelekea katikati ya herufi hiyo au pembeni. Mihuri mingi ina maneno yaleyale na hutofautiana kwa nafasi hiyo tu.

Ukipata nambari, soma kiwango cha uadimu. R1 ina maana zaidi ya tokeni 5,000 zinakadiriwa kuwepo, R5 kati ya 75 na 200, R8 kati ya 5 na 10, na R10 ni moja tu. Usiuchanganye uadimu na bei. Wachonga mihuri wa wakati huo, hasa wa Cincinnati, waliwauzia wakusanyaji tokeni zilizogongwa kwa metali za ajabu na kwa kuoanisha mihuri isiyohusiana. Baadhi ni R9 na hazikuwahi kununua hata mkate. Zina wapenzi wake, nami siwapingi, lakini kwangu tokeni ya shaba iliyochakaa kwa vidole vya watu walioitumia sokoni ina uzito mwingine.

## Hatua ya 5: Tofautisha kuchakaa na kugongwa kwa udhaifu

Karakana zilizotengeneza tokeni hizi zilifanya kazi kwa haraka, nyingine kwa mashine duni. Mihuri ilipasuka na ikaendelea kutumika. Kwa hiyo tokeni isiyowahi kutoka kwenye sanduku inaweza kuwa na kichwa kisicho na nywele.

Tafuta mng'ao wa kiwandani. Igeuzegeuze chini ya taa: kama mng'ao unazunguka kama miale ya gurudumu na unapita hata juu ya sehemu iliyofifia, hapo metali haikujaza muhuri. Kama sehemu zilizoinuka zimekuwa bapa, zina rangi tofauti na uwanda (sehemu tupu isiyo na mchoro), na mng'ao umekatika juu yake, hapo ni kuchakaa.

Mstari mwembamba ulioinuka unaopita kati ya herufi ni ufa wa muhuri. Mstari uliozama ni mkwaruzo. Wa kwanza ni ushahidi wa uhalisi na wakati mwingine huongeza mvuto. Wa pili hupunguza.

## Hatua ya 6: Kagua kama ni bandia

Anza na ubavu. Tokeni ya kumiminwa kwenye kalibu huacha mshono unaoizunguka, au alama za tupa zilizojaribu kuuondoa. Kisha tazama uwanda: vitone vidogo vilivyoinuka na vishimo vya mapovu ni dalili za kumiminwa. Herufi za kweli zina kuta zilizosimama. Za bandia huteleza kama sabuni iliyotumika.

Pima tena kipenyo. Metali iliyomiminwa husinyaa ikipoa, hivyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake.

Nakala za ukumbusho zilizotengenezwa kihalali Marekani baada ya sheria ya 1973 zinatakiwa kuwa na neno COPY. Litafute, na utafute pia mahali palipokwanguliwa ili kulifuta. Zile za duka ndogo la mji mdogo na za wachuuzi wa jeshi ndizo zinazostahili shaka kubwa zaidi, kwa sababu ya bei zake. Kwa hizo nunua iliyokwisha kukaguliwa na kufungwa na kampuni inayotambulika kama NGC, na hakikisha namba ya kifuko inalingana na kumbukumbu za kampuni yenyewe, kwani hata vifuko hughushiwa.

## Hatua ya 7: Chagua njia, kisha nunua

Zinakadiriwa tokeni milioni 25, za maelfu ya aina. Ukinunua kila inayokupendeza, baada ya mwaka utakuwa na bakuli la shaba lisilo na habari.

Njia ninayomshauri mgeni ni mji mmoja, au kazi moja. Wafamasia peke yao wanatosha. Waoka mikate pia, kama Broas Brothers wa New York waliouza pai. Wengine hufuata mchongaji mmoja, tuseme Emil Sigel wa New York au John Stanton wa Cincinnati, wakajifunza mkono wake mpaka wautambue bila kusoma jina. Kuna tokeni ya mkahawa wa Felix jijini New York yenye neno la Kiebrania la chakula halali kwa Wayahudi. Kwa anayekusanya historia ya jamii za wahamiaji, hiyo moja inafungua mlango mpana.

Kusini usikutegemee sana. Tokeni za majimbo yaliyojitenga ni chache mno, kama ile ya White & Swann wa Huntsville, Alabama, na bei yake si ya mwanafunzi.

Unaponunua kwa mbali, omba vitu vinne kabla ya kutaja bei: picha ya mbele, ya nyuma, ya ubavu, na uzito hadi sehemu ya mia. Muuzaji mzuri hujibu siku hiyohiyo. Anayekwepa picha ya ubavu amekujibu tayari. Uliza pia kama anapokea tokeni ikirudishwa na kwa siku ngapi, upate jibu kwa maandishi.

Kwa tokeni tano za kwanza, nunua R1 na R2 tu, za kizalendo, zenye herufi zote zinazosomeka. Bei zake ni za chini na zinakufundisha kila kitu cha hatua zilizotangulia. Ukizifikisha nambari kamili zote tano bila msaada wa mtu, uko tayari kwa tokeni za maduka.

## Hatua ya 8: Hifadhi, na usisafishe

Nasema hili kwa msisitizo wote nilio nao: usiisugue. Si kwa dawa ya meno, si kwa limau na chumvi, si kwa soda, si kwa kitambaa cha kung'arishia vyombo. Ile kahawia ni ngozi ya metali yenyewe, imejijenga kwa zaidi ya karne na nusu, nayo ndiyo inayolinda michoro. Ukiiondoa hairudi, na kila mjuzi ataona wekundu usio wa kawaida kutoka upande wa pili wa meza. Niliwahi kuletewa tokeni kumi na mbili za mji mmoja, mkusanyiko wa miaka, zote zimesuguliwa usiku mmoja kwa nia njema. Sikuwa na la kumwambia mwenyewe isipokuwa pole.

Kitu kimoja kinaruhusiwa. Ikiwa tokeni imekaa kwenye plastiki laini ya PVC na ina utando wa kijani unaonata, iloweke kwenye asetoni safi, ndani ya chombo cha kioo, kwa dakika chache, kisha iache ikauke yenyewe. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha haifai, ina mafuta na manukato. Fanya kazi palipo na hewa, mbali kabisa na moto. Asetoni huyeyusha utando na haigusi metali.

Kijani cha unga, kinachorudi kila ukikiondoa na kinachochimba vishimo, ni ugonjwa mwingine: chumvi za kloridi zinakula shaba kutoka ndani. Itenge tokeni hiyo na nyingine siku hiyohiyo, iweke pakavu, na umtafute mtaalamu wa kuhifadhi metali.

Shika tokeni kwa ubavu daima, mikono ikiwa imeoshwa na kukauka. Alama ya kidole kwenye shaba huanza kama ukungu na huishia kama doa la kudumu. Weka kila moja kwenye Mylar, mfuko wa kukausha unyevu ukiwa ndani ya sanduku. Epuka bahasha za karatasi ya kawaida na mipira ya kufungia, vina salfa inayoitia shaba weusi. Epuka pia kabati la mti wa mwaloni, linatoa asidi. Ukitumia kadi za kubana kwa pini, bana pini ziwe bapa kwa koleo, la sivyo zitakwaruza tokeni ya jirani. Andika lebo kabla ya kuiweka tokeni ndani, kalamu isije ikapita juu yake.

Baada ya miezi mitatu zifungue uzitazame. Rangi ileile, hakuna unga, hakuna kunata: mahali ulipochagua panafaa.

## Hatua ya 9: Daftari

Kila tokeni ipate mstari wake: nambari ya Fuld, uzito, kipenyo, msongamano, maneno ya pande zote mbili, ilikotoka, siku uliyoinunua, bei, na mahali picha zilipo. Ongeza mwelekeo wa mihuri. Shika tokeni wima mbele yako, igeuze kutoka juu kwenda chini, uangalie kama nyuma imesimama sawasawa au imepinda, na kwa nyuzi ngapi. Karakana zilikuwa na mazoea yake, na mwelekeo wa ajabu husaidia kujua nani aligonga nini.

Andika pia zile ulizokataa kununua, na sababu. Baada ya miezi sita kurasa hizo ndizo utakazozirudia zaidi.

Ikitokea umefika mwisho na tokeni yako haina nambari popote, usiibandike ya jirani yake inayofanana. Rudia hatua ya 2 na ya 3 siku nyingine, kwa macho mapya. Ikiwa bado haipatikani, piga picha za pande zote na ubavu, weka na vipimo, uzipeleke kwa Civil War Token Society, chama cha wakusanyaji wa tokeni hizi kilichoanzishwa 1967. Oanisho ambazo hazikuwa zimeorodheshwa bado hugunduliwa. Mpaka watakapokujibu, mstari wake kwenye daftari uwe na vipimo vyote, na mahali pa nambari pabaki wazi.